Mstari wa Kijani

Sijawahi kukichukia kitu kisicho na roho kama nilivyoichukia programu ile. Ilifika Kalemie, mji wetu wa kando ya ziwa, miaka ya vita, ndani ya flashi, katika mfuko wa shati la Shefu wetu, siku zile watu walipokuwa wakiteremka kutoka maboti ya Zongwe na godoro kichwani, au bila hata godoro. Kazi ya ofisi yetu ilikuwa kutafuta watoto waliopotezana na wazazi wao katika kukimbia. Mimi nilikuwa fundi wa kompyuta. Shefu alitumwa kutoka Kinshasa. Kiswahili chake kilikuwa salamu na matusi tu, mengine yote aliyasema kwa Kifaransa, na aliamini kwamba shida ikishachorwa kwa rangi nzuri imekwisha.

Programu yenyewe ilikuwa ya kuchora watu. Kila mtu aliyeandikwa na ofisi aligeuka nukta, na undugu ukawa mstari kati ya nukta na nukta. Tulikuwa na orodha mbili: moja ya watoto wanaotafutwa na wazazi, nyingine ya watu wanaokaa katika kambi za wakimbizi kando ya mji, ile iliyotumika kugawia unga. Mtoto wa orodha ya kwanza akionekana katika ya pili, kwa jina lake na jina la mama yake, programu ilivuta mstari wa kijani, maana yake wamekutana, kisha ikaifunga faili yenyewe bila kumuuliza mtu.

Kabla ya hapo tulikuwa tunasoma majina kila juma kwa fonia, ile redio ya upepo, na wenzetu wa Moba na Kirungu wanaandika upande wao. Shefu aliizima fonia siku ileile aliyoleta flashi. "Tutaendelea kusoma majina kama katika misa ya wafu?" aliuliza. Akaagiza kwamba hakuna jina litakalotumwa Kirungu mpaka mashine ianze kazi. Kwa hiyo, tangu siku hiyo, watoto wote waliopotea wa upande ule walikuwa wananingoja mimi.

Aliyengoja karibu kuliko wote alikuwa Mama Mapasa. Kwetu mwanamke akizaa mapacha jina lake la zamani linakwisha, anakuwa Mama Mapasa mpaka kaburini, na wetu alikuwa akifagia ofisi na kuchemsha chai. Mapacha wake walikuwa wa kike, umri wa kung'oka meno ya mbele, wanaofanana, alisema, kama maharage ya ganda moja. Siku kijiji chao kilipochomwa, huko juu nyuma ya Zongwe, alimbeba mmoja mgongoni, na mwingine akashikwa mkono na shangazi yake. Shangazi alikutwa amekufa kwenye njia ya kupanda Kirungu. Mtoto hakuwa kando yake, na hilo tu ndilo lililokuwa tumaini la Mama Mapasa, kwamba hakuwa kando yake.

Nilianza kazi na kiburi. Nilikuwa nimesoma Lubumbashi, nikadhani Java, ile lugha ya kuandikia programu, ni Java popote. Programu ile iliandikwa na mwanafunzi mmoja wa Ulaya ambaye, naona, hajawahi kukaa mahali umeme unakatika. Haikuja tayari kutumika. Ilikuja kama mbao na misumari, ukaambiwa jenga mwenyewe, tena ujenge juu ya Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, kwa sababu Linux ni bure, na kitu cha bure Shefu alikipenda kuliko mkewe.

Ilitaka Java ya zamani; mashine ilikuwa na mpya. Nikijenga, inanitupia makosa ukurasa mzima. Nikaweka ya zamani. Mashine ikaendelea kutumia mpya, maana hakuna aliyeiambia iache. Nikaiambia. Ikasema haijui Java inakaa wapi. Nikaiandikia njia herufi kwa herufi, kama unavyomwelekeza mlevi nyumbani kwake, na siku iliyofuata, jenereta ilipozimwa na kuwashwa, ikawa imesahau yote.

Ilipokumbuka ikaanza kuomba vipande. Programu za namna hii hazijitoshelezi, zinafuata vipande vidogo vidogo kwenye mtandao, kimoja baada ya kingine, na mtandao wetu ulitoka kwenye satelaiti. Mvua ikionekana tu upande wa ziwa, mtandao unakufa. Kipande kimoja kilikatikia njiani. Mashine ikakihifadhi hivyohivyo, nusu, na tangu hapo kila nikijenga ilikifungua, ikakikuta kimeharibika, ikaanguka. Haikurudi kukitafuta kizima. Kwa hesabu yake kilikuwa kimekwisha kufika, basi. Nilimtukana mama wa mwanafunzi yule kwa lugha nne kabla sijaigundua folda iliyofichwa ambamo ilivihifadhi. Nikafuta folda yote nikaanza upya, na mvua nayo ikaanza upya.

Mama Mapasa alikuwa anasimama nyuma yangu na ufagio.

"Papa, mashini imeamuka?"

"Bado, Mama."

"Inagonjwa nini tena?"

"Kiburi."

"Basi muipige," alisema, na hakuwa anatania. Alikuwa ameona vitu vingi vikikubali baada ya kupigwa.

Siku moja, katika kuinama kutazama kioo, alimwaga chai karibu na kibodi. Matone tu. Shefu alitoka ofisini kwake, akaninyang'anya kitambaa nilichokuwa nimekichukua, akamwonyesha Mama kilemba chake kwa kidole. Mama akakivua. Alifuta meza kwa kilemba chake, kichwa wazi mbele ya wanaume, na Shefu akasimama mpaka ameikausha. Nilimchukia Shefu mpaka kucha ziliniuma.

Siku programu ilipojengeka, ilikataa kufungua dirisha. Java niliyoipata kwa mtandao wetu mbovu ilikuwa ile nyepesi ya mashine zisizo na kioo. Wenyewe wanaiita isiyo na kichwa. Shefu akaja kuuliza kuna nini.

"Haina kichwa, Shefu."

"Na inafanya kazi hivyo?"

"Wengi wanafanya kazi hivyo, Shefu."

Akaitikia kwa kichwa. Mlinzi wa mlangoni, aliyesikia Kifaransa kidogo, ilibidi atoke nje akacheke huko.

Nikatafuta Java yenye kichwa. Dirisha likafunguka, jeusi tii, kwa sababu programu ilitaka kadi ya picha ambayo mashine ile haikuwa nayo. Nikailazimisha ichore kwa nguvu zake yenyewe, polepole. Ikachora nusu ya watu, ikafa, ikisema kumbukumbu haitoshi. Nikaiongezea. Wakati huo kambini watu walikuwa wanaharisha na kuzikwa nyuma ya mahema, na mimi, mtu mzima, nilikuwa napigana na dirisha.

Hatimaye ikaamka. Ilikuwa siku ya kugawa unga, na Mama Mapasa alikuwa kambini kupanga mstari. Nukta zilijaa kioo, zikasukumana, zikatetemeka, kisha zikatulia moja moja, kila ukoo na fungu lake. Siwezi kusema uongo, ilikuwa nzuri. Nikaandika jina la Mama Mapasa. Nukta yake ikawaka, na chini yake nukta mbili, na kutoka kwa kila moja mstari wa kijani. Wote wawili wamekutana na mama yao. Faili imefungwa.

Nilifurahi kwa muda wa kumeza mate. Nilikuwa nimemwona binti yake asubuhi ile, mmoja, anacheza na kizibo mlangoni.

Nikazirudia orodha zote mbili, nikaelewa. Mama wa mapacha hamtaji mmoja. Kwao, kumtaja mmoja peke yake ni kumzika mwenzake. Ukimpa mmoja ndizi umpe na mwingine. Ukimwita mmoja, uwaite wote, hata kama mwingine amelala. Alipokwenda kuandikisha anayetafutwa, Mama Mapasa aliandikisha wawili. Alipokwenda kuandikisha wanaokula unga, akaandikisha wawili. Hakudanganya popote. Zamani, tuliposoma majina ya mapacha wengine kwa fonia, watu wa Kirungu walielewa bila kuelezwa: ni mapacha, basi mtafuteni asiyekuwepo. Mashine ilisoma watoto walewale wanatafutwa huku na wanakula unga kule, ikaona kazi imekwisha. Na haikuwa yeye tu. Niliwapitia akina Mama Mapasa wengine wote, nikaikuta mistari ileile ya kijani.

Nikaenda kwa Shefu. Nilimweleza taratibu, tena kwa heshima, jambo ambalo hata sasa nikilikumbuka linaniudhi.

"Unasema mstari mmoja ni wa uongo," alisema.

"Si mmoja, Shefu. Ni kila mama wa mapacha katika kambi zote."

"Kwa hiyo kijani kimeongezeka." Uso wake ulifunguka. "Wageni wanafika kesho. Hao ndio wanaotupa pesa. Usiguse kitu."

"Shefu, mtoto hajapatikana."

"Mashine uliijenga wewe. Sasa imesema, na wewe unaikataa?"

Akaibeba kompyuta mwenyewe mpaka ofisini kwake, akafunga mlango kwa ufunguo. Mchana huohuo alituma Moba na Kirungu orodha ya kwanza tangu azime fonia. Haikuwa ya watoto wa kutafutwa, ilikuwa ya waliokwisha kupatikana, wasitafutwe tena. Mtandao siku hiyo haukukatika hata mara moja. Mimi akanituma bandarini kupokea mizigo ya wageni, na boti likachelewa, hata niliporudi ofisi ilikuwa imefungwa.

Asubuhi Mama Mapasa alikuja amejipaka mafuta, amevaa kitenge ambacho sikuwahi kukiona. Binti yake alikuwa amesukwa vizuri, gauni la njano. Mama alishika gauni jingine la njano, la kitambaa kilekile, limepigwa pasi ya mkaa na kukunjwa.

"Papa, Mungu akubariki, weye na mashini yako," aliniambia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, gauni katikati. "Anafika na boti gani?"

"Nani, Mama?"

"Jana Shefu alimutuma mulinzi aniambie batoto bamekutana. Niwalete bote mbili, wageni babaone. Huyu nimemuleta. Mwingine si munamuleta ninyi?"

Nilimwambia. Sikutafuta maneno mazuri, maana hayapo.

"Mashini imekosea, Mama. Hakuna boti."

"Lakini imemuona."

"Haikumuona. Imesoma tu majina uliyotoa."

Alilikunjua lile gauni akalikunja tena palepale, ingawa lilikuwa limekunjwa vizuri. Binti akauliza kama waende zao. Shefu alikuwa amekwisha kutoka mlangoni, anapiga makofi, "Mama Mapasa! Mama Mapasa!", kwa sauti ya mtu anayeita bahati yake.

Wageni walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki, mbele ya ukuta ambapo ile picha yangu ya nukta ilikuwa inamulikwa, kubwa kuliko mlango. Shefu aliwaonyesha nukta ya Mama kwa fimbo, kisha akamwonyesha Mama mwenyewe, naye akapigiwa makofi. Mgeni mmoja mwanamke alifuta macho. Aliuliza pacha wa pili yuko wapi. Shefu akajibu kwamba ana malaria, amelazwa, lakini si kali.

Ndipo Mama Mapasa akasimama. Hakuna aliyemwambia asimame.

"Mimi naomba kuuliza hawa wakubwa," alisema. "Mutoto wangu iko wapi? Kama munajua, museme. Kama hamujui, muache kunipigia makofi."

Mlinzi alimnong'oneza Shefu maana yake. Shefu akawageukia wageni akatabasamu. "Anasema hana cha kuwalipa," akatafsiri, "ila Mungu atawalipa."

Wakapiga makofi tena.

"Hakusema hivyo," nikasema kwa Kifaransa, na sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko nilivyotaka. "Anauliza mtoto wake yuko wapi. Mtoto hajapatikana. Mstari ule ni wa uongo."

Wageni walinitazama mimi, wakautazama ukuta, wakamtazama Shefu, na niliona kabisa wanachagua nani wa kumwamini. Shefu akacheka, akaniwekea mkono begani. "Fundi wetu. Hajalala vizuri tangu aanze kuijenga mashine hii." Yule mwanamke aliyefuta macho alinitabasamia kwa huruma, kama mtu anavyomtabasamia mgonjwa. Walitaka sana kuamini, na picha ilikuwa nzuri. Niliijenga mimi.

Wageni walipokwenda kunywa soda, Shefu alibaki na mpiga picha wake. Ripoti ilihitaji mama na mapacha. Walimkalisha Mama kwenye kiti, Shefu akalichukua lile gauni la pili mikononi mwa Mama, kwa kuwa lilikuwa linaharibu picha, akalitupa juu ya meza. Wakamsimamisha binti kulia kwa mama yake, wakapiga. Kisha wakamsimamisha kushoto, wakapiga. Wangeziunganisha baadaye.

"Si wanafanana?" Shefu aliniuliza. "Basi."

Binti alitabasamu kote kuwili, alivyoagizwa. Alipohamishiwa kushoto, Mama aligeuka kutazama kulia, na mpiga picha ikabidi amwambie aangalie mbele.

Sikujua mtu anaweza kutamani kuua akiwa amesimama kimya namna ile. Nilitamani.

Wageni walipoondoka, Shefu alinirudishia kompyuta. "Sasa rekebisha unavyotaka," alisema, bila hasira yoyote. Mambo ya Mama Mapasa yalikuwa yamekwisha kumfaa.

Niliiwasha fonia kabla ya kuiwasha mashine. Sikuomba ruhusa, na Mama alikuwa kando yangu. Niliwaambia wenzetu wa Kirungu kwamba orodha waliyopokea ilikosewa, mtoto yule bado anatafutwa. Sauti ya mwenzetu ikarudi, ya chini.

"Hapa kulikuwa na mutoto mwanamuke, anasema yeye ni pacha, ukimuuliza jina anataja ya bote mbili. Kwa mama mumoja wa kanisa alikaa. Tulikuwa tunangoja jina lake kwenu, mwezi na mwezi. Sasa munatuletea orodha kama mapacha hao bamepatikana. Tukasema, majina yanafanana tu, basi huyu ni wa wengine."

Mama Mapasa alininyang'anya kipaza sauti. "Yuko na alama ya moto ku mukono ya kushoto? Hapa, juu ya kiwiko?"

"Ndiyo, Mama, njo hivyo. Iko."

"Sasa muniletee yeye."

"Mama, hayuko. Kuna familia ilikuwa inateremuka upande wa Pweto. Ilimuomba, tukamutoa. Jana jioni."

Nasema mapema ili msomaji asingoje: hatukumpata. Tuliuliza Pweto, tukauliza kwa watu waliovuka mpaka. Kuna waliosema wameiona familia ile, kuna waliosema familia ile ilikutana na wenye silaha njiani. Lakini siku ile hatukujua, na kulikuwa na kazi ya kufanya. Ilibidi faili ifunguliwe upya kabla orodha nyingine ya waliopatikana haijatumwa, na mimi nilikuwa nimeijua mashine ile kuliko ndugu zangu. Kama tungeandika wawili, ingevuta tena kijani. Isingekubali maelezo yaandikwe pembeni, haikuwa na pembeni. Ilitaka jina moja, la mtoto mmoja.

Nilimweleza. Sikumficha kwamba ninajua ninachomwomba, kumtaja mmoja peke yake.

"Weye hauwezi kuandika tu, mimi nisiseme?" aliuliza.

"Siwezi, Mama. Naona majina mawili. Sijui lipi ni la nani."

Akamwambia binti yake atoke nje, aende mpaka kwenye uzio, acheze huko. Akangoja mpaka hatua zake hazisikiki. Akafunga mlango. Akaweka kiganja mdomoni, akakitoa, akakirudisha. Nilikuwa nimeweka vidole kwenye kibodi na nilitaka kuviondoa, nimwambie aache, twende nyumbani. Sikusema hivyo. Mtoto alikuwa anapelekwa mbali kila saa tuliyokuwa tumekaa pale.

Akalitaja. Jina moja, peke yake, kwa sauti ndogo sana.

Nililiandika. Mashine ikalipokea palepale, bila kosa hata moja, na nukta nyekundu ikatokea chini ya jina la Mama, maana yake anatafutwa.

Mama Mapasa hakukitazama kioo. Alikuwa amekwisha kufungua mlango, anakimbia kwenye uzio kumtazama yule wa nje.